Termez: mji una mto, kuugusa marufuku

Juzi nimerudishwa tena. Baada ya alasiri nilishuka kuelekea mtoni nipunge upepo, nikakuta seng'enge, akatoka kijana na bunduki, akataka pasipoti, akaipekua ukurasa kwa ukurasa, kisha akaninyooshea kidole nilikotoka. Mwaka wa pili huu nipo Termez, kusini kabisa mwa Uzbekistani, na maji ya Amu Darya sijayagusa. Ng'ambo ni Afghanistani. Mto ndio mpaka.

Na mimi ni mtu wa Pangani! Kwetu mto tunaoga, tunavua, tunavuka kwenda Bweni, nani akuulize pasipoti? Wakala aliyenishughulikia viza alinisifia "mji wa mtoni, una upepo". Upepo upo: unatoka ng'ambo na vumbi lake, wenyeji wanauita Mwafghani, ukivuma unatafuna mchanga ndani ya chai. Julai joto linapita 40, Januari vidole vinakufa ganzi. Wewe unayetaka kuja kusoma huku, koti zito kwanza, na Kirusi au Kiuzbeki uanze ukiwa nyumbani. Kiingereza hakikununulii fungu la nyanya.

Nikapitia kaburi la Hakim Tirmidhi, mwanachuoni wa zamani, moyo umejaa. Pale kivulini alikuwepo mzee mmoja. Kwa Kiuzbeki changu cha kuungaunga nikamwambia kwetu madrasa hadithi za Mtume zilikuwa haziishi bila "ameipokea Tirmidhi". Macho yakamng'aa. Akanifahamisha kuwa yule wa hadithi ni Abu Isa, aliyefariki mwaka 892, na kaburi lake liko Sherobod, kaskazini ya hapa. Huyu wa hapa ni mwingine. Kumbe "Tirmidhi" maana yake ni mtu wa Termez, basi. Miaka yote ile chuoni nalitaja jina la mji huu, wala sikujua ni mji!

Akafungua kitambaa, akatoa mkate wa duara uliopigwa muhuri katikati, akaumega, nusu yangu akaiweka uso juu, maana kuulaza kifudifudi kwao ni mwiko. Nikatoa pesa, akaufumba mkono wangu. "Mehmon," mgeni. Tukaanza kuhesabu maneno ya kwao yanayofanana na ya kwetu: kitob, daftar, xabar, dunyo, vaqt. Kila nikimtajia la kwetu, anapiga goti lake kwa furaha.

Jumapili ananipeleka Sherobod kwa gari la mwanawe. Nimempigia mama, amenyamaza kidogo, halafu akaniagiza nikifika nisome Fatiha kwa niaba yake.