Mpira wa kuoshea gari uliokuwa ukichomoka mferejini
Kila nozeli, yaani kichwa cha kunyunyizia mwishoni mwa mpira, ilipofungwa, mpira ulichomoka, hasa siku ya mgao maji ya Nairobi yanaporudi kwa nguvu. Waya na vipande vya tyubu havikushika. Tepu nyeupe ya mafundi bomba nayo haikuzuia mvujo, maana kiungio cha mpira na mfereji huziba kwa washa bapa (pete ya mpira) iliyo ndani, si kwa nyuzi za skrubu. Washa mpya ya shilingi chache ilitosha kuzuia mvujo.

Kisha, ili mpira usichomoke, nikakata ncha yake iliyotanuka, sentimita 3, kwa kisu kikali bila kukwenda mshazari, nikachovya ncha mpya katika maji moto dakika moja, nikaisukuma ikapita meno yote ya kiungio (matuta yanayoshika mpira kwa ndani). Siri iko kwenye klipu ya skrubu: ikae kwenye bonde kati ya meno. Juu ya jino huweza kuteleza. Ukimaliza kuosha, funga mfereji kwanza, ndipo ufungue nozeli presha itoke.