Sakafu za vigae za enzi ya Victoria: maji kidogo, asidi hapana

Nyumba nyingi za matofali zilizojengwa Uingereza enzi ya Malkia Victoria, zile za safu ambazo Waswahili wengi wamepanga au kununua Leicester na London, zina hazina kwenye ukumbi wa kuingilia: vigae vidogo vyekundu, vyeusi, vya manjano na vya samawati, mara nyingi vimefichwa chini ya zulia. Vimedumu zaidi ya miaka mia, na kinachoviua siku hizi ni usafi uliofanywa kwa pupa.

Kwanza ujue unachokanyaga. Vipo vya rangi moja, ambavyo rangi yake imepenya mpaka chini, na vipo vya nakshi. Samuel Wright alipata hataza ya vigae vya nakshi mwaka 1830, na Herbert Minton wa Stoke-on-Trent akaviendeleza mpaka vikatandikwa hata kwenye Bunge la Westminster. Nakshi yake haikuchorwa juu. Udongo ulikandamizwa ukaachiwa mashimo, kisha yakajazwa udongo wa majimaji wa rangi nyingine, ndipo kigae kikachomwa. Ndiyo maana ua halifutiki upesi. Lakini ngozi ya juu, iliyokazwa na moto, ukiikwangua kwa msasa au mashine ya kusaga hairudi, na kilicho chini yake hunywa uchafu kwa urahisi zaidi.

Jambo kubwa kuliko yote ni unyevu. Sakafu nyingi za aina hii zilitandikwa juu ya chokaa na kifusi, bila karatasi ya kuzuia maji. Unyevu wa ardhini hupanda taratibu na kutokea kwenye vigae na viungo vyake. Ukipaka varnishi au dawa inayoacha utando kama plastiki, unyevu hukosa pa kutokea: utando hugeuka mweupe, chumvi hujikusanya chini yake na uso wa kigae huanza kubanduka vipande. Hapo hakuna dawa ila kubadilisha kigae.

Kabla ya kusafisha, gonga kila kigae kwa mpini wa mbao. Kinacholia kama kitu kitupu ndani kimeachana na sakafu. Kirudishie kwanza, la sivyo maji yatapita chini yake na kung'oa majirani. Kisha fagia kwa ufagio laini, maana mchanga ndio unaokwaruza.

Kuondoa nta na uchafu wa miaka, tumia sabuni ya kuvua nta yenye asili ya alkali, uizimue kama lebo inavyosema. Jaribu kwanza pembeni, eneo la sentimita 10 kwa 10, usubiri siku nzima. Halafu fanya mita moja ya mraba kwa wakati mmoja: paka, acha dakika 10 bila kuiruhusu ikauke, sugua kwa brashi ya nailoni, nyonya maji machafu kwa mashine ya kunyonya maji, suuza mara mbili kwa maji safi. Ukiruka hatua ya kunyonya, uchafu ule ule huzama kwenye viungo. Steelwool usiiguse: nyuzi zake hubaki, zikashika kutu na kuacha madoa ya kahawia. Matone ya rangi na gundi ya zulia yatoe kwa kikwangulio cha plastiki.

Siki, ndimu na asidi ya kusafishia matofali zinakula chokaa ya viungo. Mafundi wengine hupenda asidi kwa sababu weupe unaojitokeza juu ya vigae hutoweka mara moja, lakini huo weupe ni chumvi iliyopanda na unyevu, na utarudi. Ufagie ukiwa mkavu na uunyonye kwa mashine, tena na tena kwa wiki kadhaa. Ukiuosha, unayeyuka na kurudi ndani.

Kabla ya kupaka kinga, bandika kipande cha nailoni sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote, ukiache siku nzima. Ukikuta matone chini yake, subiri bado. Kinga ifaayo ni ile inayoingia ndani ya kigae na kuuacha mvuke upite. Paka nyembamba, futa inayobaki juu kabla haijakauka. Mafuta ya kitani ya zamani hunata na kuweusha sakafu, na matambara yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa yanaweza kuwaka moto yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

Ukihitaji kigae cha kuziba pengo, pima kwanza. Vya zamani vilikatwa kwa inchi: cha inchi 6 ni milimita 152, na kile cha dukani cha milimita 150 kitaacha pengo linaloonekana, kwa kuwa viungo vya asili vina upana wa milimita moja hivi. Jackfield, Shropshire, bado wanatengeneza vya nakshi kwa vipimo vya zamani. Ni ghali, ila kwa ukumbi unaoonekana na kila mgeni, bei hiyo inastahili.

Kila wiki baada ya hapo: ndoo mbili, moja ya maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo isiyo na asidi wala alkali, nyingine ya kusuuzia, na dekio lililokamuliwa mpaka lisidondoshe tone.