Pini za Nepi

Juzi mjukuu wangu, yule asiyeachana na simu, kaja sebuleni amenuna: msanii wake kafungiwa wimbo. Nikamwambia apunguze jazba, hata sisi tulifungiwa. Akaniangalia kuanzia kandambili mpaka mvi.

"Babu, na nyie mliimba matusi?"

Hatukuimba matusi. Tuliimba soul, muziki wa Wamarekani weusi, kwa Kiingereza tulichokichota kwenye santuri za mwimbaji wao Otis Redding, tukirudisha sindano mpaka santuri zikachakaa, na maneno tusiyoyasikia vizuri tukayaziba kwa "yeah". Mwenyewe Otis alikwishakufa Desemba 1967. Sisi ndio kwanza tunaanza. Jina la bendi mnalijua, silirudii, maana fundi rangi alikosea herufi moja kwenye ngoma kubwa na akataka alipwe upya ndipo airekebishe. Mimi nilikuwa besi, na waya mmoja wa besi ile ulikuwa wa breki ya baiskeli. Vyombo vilikuwa vya mzee mmoja wa Kariakoo ambaye soul aliiona ni makelele, ila hesabu ya mlangoni aliipenda sana.

Tulipanda haraka. Harusi za Ilala, kisha bugi, yaani dansi za vijana, za Jumapili mchana, na kufikia katikati ya 1969 tukapata nafasi ukumbi wa Arnautoglu, pale Mnazi Mmoja. Kwa vijana wa umri wetu hapakuwa na pa kupanda zaidi ya hapo.

Tatizo lilikuwa suruali. Tangu tarehe 1 Januari mwaka ule ilikuwa Operesheni Vijana: mini, wigi na suruali za kubana marufuku. Ukikamatwa njiani, chupa ya soda inatumbukizwa kiunoni. Isipotokea chini, una kesi. Lakini mwimbaji wetu alikuwa James Brown wa Ilala nzima, na James Brown gani anavaa suruali ya karani? Basi tukabuni njia. Barabarani anatembea na suruali pana, mtiifu kabisa. Nyuma ya jukwaa mimi napiga magoti, nageuza mshono wa ndani na kuubana kwa pini za nepi, kumi kila mguu. Kazi hiyo niliifanya Jumapili nyingi bila neno.

Jumapili ile nilikuwa nimetoka kusikia kwamba yeye analipwa shilingi 20. Sisi wengine tulikuwa tunapewa 10.

Watu wanagonga viti, mpiga drams ameshaanza, na yeye ananidonoa kichwani kwa kidole: "Fanya chapu, bwana, nyota anasubiriwa." Nikabana. Pini ya mwisho ilikuwa ya goti la kulia. Tukapanda.

Wimbo wa nne ndio wa kupiga magoti. Mnajua mtindo wa James Brown mwenyewe: mwimbaji anaanguka kama roho imemtoka, mwenzake anamfunika koti, anamwinua, anamtoa taratibu, yeye analitupa koti na kurudi. Koti letu lilikuwa la mvua, la mjomba wake aliyekuwa mlinzi, na lilinuka mafuta ya taa. Akaanguka. Akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwa binadamu, mrefu, umepasuka katikati, ukaishia juu kabisa. Ukumbi ukainuka. Wasichana wakarusha vitambaa, mpiga solo akaniangalia macho yamemtoka, hata mwenye vyombo mlangoni aliacha kuhesabu. Nikamfunika koti, na nilipoinama nikaiona pini imezama gotini, kichwa tu ndicho kilichobaki nje.

Aliimba mpaka mwisho. Hilo lazima nimpe.

Nyuma ya jukwaa akaichomoa, akaifuta kwa leso, akanikabidhi mkononi. "Hii uliiacha wazi makusudi." Nikamjibu kwamba nilikuwa na haraka. Nimelijibu swali lile mara nyingi tangu siku ile, usiku nikiwa peke yangu, na jibu haliwi lilelile.

Jumapili iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena mzee alituma mkokoteni kuchukua vyombo. Wiki tatu baadaye, Novemba 1969, ikatoka amri ya kupiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, eti wa kigeni, na wakati huo James Brown alikuwa ameshaimba mwaka mzima kwamba ni mweusi na anajivunia. Tulikasirika kweli. Na nadhani tulishukuru pia, maana kuanzia hapo kila aliyeuliza bendi imekwenda wapi alipata jibu la heshima. Nasikia na yeye wajukuu zake huwapa jibu hilohilo.

Wangu ameshaandika kwenye simu kwamba babu yake alifungiwa na serikali. Watu wanamtumia vidole gumba. Kisha akauliza, ule ukelele wa James Brown, mwenzenu alikuwa anaupigaje?

Nikamwambia alikuwa na kipaji.