Pumba zimepoa, amilesi imetoka

Hatimaye! Tirei ya pumba niliyofungua leo imejaa utando mweupe wa kuvu kutoka juu hadi chini, harufu yake tamu, na hakuna hata dalili ya amonia ya kuoza.

Wenzangu mnaootesha Aspergillus oryzae, kuvu inayotoa amilesi (kimeng'enya kinachovunja wanga), mnazijua hatua za mwanzo, sizirudii. Kilichonitesa ni joto. Kuvu ikishashika pumba za ngano hupumua kwa kasi, na joto inalotoa hukwama humo humo kwa sababu pumba hazipitishi joto vizuri. Kwenye tirei ya kina cha sentimita 8, pembeni kulikuwa na nyuzi 32, katikati 46. Hapo kuvu hunyong'onyea na bakteria wa Bacillus hujitwalia uwanja. Ukizifinya pumba zinavuta utelezi kama mlenda. Inauma sana kuzimwaga baada ya kuzipika kwenye presha kuka na kuzipanda spora kwa uangalifu wote ule.

Kupooza chumba hakukusaidia kitu. Pembeni kulizizima na katikati kukaendelea kuungua. Kilichofanya kazi ni kina cha sentimita 3, kuzivunjavunja pumba mara tu zinapoanza kushikana, kisha kuchora matuta kwa vidole na kufunika kwa kitambaa kibichi huku feni ikipuliza. Maji yanapokauka kitambaani yanaondoka na joto. Katikati hapakuvuka nyuzi 36.

Na jamani, kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola hakifai kwa kazi hii. Kinasoma juu juu tu, wakati balaa liko ndani. Chukua cha sindano, kile cha kupimia nyama.

Kwenye majaribio, niliziloweka pumba, nikachuja, nikatia maji yake kwenye uji mzito wa wanga wa muhogo wenye nyuzi 50. Mwiko uliokuwa umesimama wima ukaanguka. Kila dakika nilichota tone na kulidondoshea iodini kwenye sahani nyeupe: bluu nzito, zambarau, hudhurungi, mwishowe rangi ya iodini yenyewe. Wanga umekwisha! Mkemia Mjapani Jokichi Takamine alipata hataza ya kimeng'enya cha kuvu hii hii nchini Marekani mwaka 1894, na yeye pia alitumia pumba za ngano. Sasa naelewa kwa nini hakuziacha.

Nilipanga sasa nikitenge kimeng'enya kwa chumvi ya salfeti ya amonia. Hilo lisubiri, kwa sababu msimu wa machungwa ya Muheza umefika na maganda yanatupwa kwa magunia. Pektini iliyomo, ile inayogandisha jamu, huichochea kuvu nyingine, Aspergillus niger, kutoa pektinesi, kimeng'enya kinachovunja pektini na kuifanya juisi yenye utusitusi iwe angavu. Maganda lazima yaoshwe kupunguza sukari, maana sukari nyingi huizuia kuvu kutoa pektinesi, kisha yaanikwe vizuri mafuta yake yapungue, kwani huua vijidudu, kuvu ikiwemo.

Mwenye aina ya A. niger iliyothibitishwa kwamba haitoi okratoksini, sumu ya kuvu, aniambie aliipata maabara gani. Ya kuokota kwenye kitunguu kilichooza siitaki.