Barua ya Mwisho wa Juni

Alhamisi ya mwisho ya Juni 2014, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, nilitumwa Majengo na bahasha ya kaki iliyokuwa na barua moja tu ya kutiwa saini. Wakati huo nilikuwa karani wa hesabu katika afisi ya Mombasa ya kampuni ya supamaketi iliyokuwa na matawi Pwani na bara, kampuni ambayo leo haipo tena, na ambayo sitaitaja jina kwa kuwa wengi niliofanya nao kazi bado wanatafuta riziki zao katika mji huu huu. Mwaka wetu wa fedha ulifungwa tarehe 30 Juni, ambayo mwaka ule ilikuwa Jumatatu, na kwa hiyo wiki nzima tulikuwa tukitoka kazini baada ya Isha.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Ilieleza kwamba msambazaji amekubali kuirudishia kampuni asilimia 12 ya thamani ya bidhaa zake zitakazouzwa katika msimu wa Ramadhani, na kwamba kampuni imeshastahili malipo hayo kufikia tarehe 30 Juni. Mauzo yalikadiriwa kuwa Sh600,000, na marejesho yakawa Sh72,000. Sikuhitaji kuisoma mara ya pili ili kuona kasoro yake. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa uangukie karibu wote katika Julai, yaani ndani ya mwaka mpya wa fedha, ilhali faida yake ilikuwa inavutwa nyuma ili iingie katika mwaka uliobakiwa na siku nne.

Ni lazima nieleze kwamba fedha za aina hii si haramu kwa asili yake. Supamaketi hupata faida ndogo kwa kila pakiti ya unga au mche wa sabuni inaouza, kwa hiyo hutegemea pia fedha zinazotoka kwa wasambazaji: malipo ya bidhaa kukaa kwenye rafu iliyo usawa wa macho, malipo ya matangazo, na punguzo la marejesho kwa anayeuza kwa wingi. Yakiwa yamekubaliwa kwa hiari na kazi yake imeshafanyika, ni mapato kama mapato mengine. Tatizo ni kwamba hayaonekani kwa macho. Gunia la mchele mkaguzi atalishika kwa mkono na kulihesabu, lakini ahadi ya punguzo ni karatasi, na anayetaka faida yake ionekane kubwa kuliko ilivyo hahitaji kuiba chochote kutoka ghalani. Anahitaji karatasi tu, na mtu wa kuitia saini.

Mtu huyo alikuwa mama mmoja wa makamo aliyetuuzia mabuyu, achari ya maembe na ukwaju tangu mwaka 2009. Nilimkuta uani kwake, mabeseni ya mabuyu mekundu yamepangwa kivulini, na wasichana wawili wakiziba mifuko ya plastiki kwa moto wa mshumaa. Nilimwamkia shikamoo. Akaniitikia marahaba, akanisogezea kiti, kisha akaniuliza kwa furaha iliyoniumiza:

“Umeniletea hundi, mwanangu?”

Tulikuwa tunadaiwa naye Sh410,000, deni la miezi mitano. Nilimwambia kwamba sikuja na hundi, nikamsomea barua, na kila kifungu nilichokisoma nilikieleza kwa maneno mepesi, kwa kuwa sikutaka atie saini jambo asilolielewa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

“Mabuyu yenyewe ndiyo haya kwenye mabeseni,” akasema. “Hata gari halijaja kuyachukua. Nyinyi mshayauza, mshapata faida, na mshanikata?”

Nilinyamaza. Akaniambia, “Wewe ndiye uliyesoma. Niambie basi, hizo pesa ziko wapi sasa hivi?”

Swali lile ndilo ambalo mkaguzi yeyote wa hesabu angepaswa kutuuliza, na sikuwa na jibu lake. Badala yake nilimweleza nilichoagizwa kumweleza, kwamba bila saini malipo yake yangeweza kuchelewa zaidi, na mpaka leo sentensi ile huisikia kinywani mwangu kama nimeitamka jana. Mama aliikunja barua vizuri, akairudisha ndani ya bahasha.

“Basi zichelewe,” akasema. “Mkono wangu hauwezi kushuhudia jambo ambalo halijakuwa.”

Kabla sijaondoka alinifungia mabuyu ya kuvunjia jungu, akanitakia mfungo mwema.

Niliporudi afisini mkubwa wangu aliitazama barua isiyo na saini, akaiweka juu ya nyingine, akaniambia niiingize katika hesabu, kwani mama angetia saini tu atakapoona hundi. Nami nikaiingiza. Niliandika katika kompyuta kwamba kampuni imepata mapato ya Sh72,000, na upande wa pili nikaandika kwamba mama yule, tuliyekuwa tukimnyima haki yake tangu Januari, ndiye aliye na deni letu la kiasi hicho hicho. Wiki ile nilifanya maingizo 43 ya namna hiyo. Nilikuwa na umri wa miaka 26, mama yangu mzazi alikuwa akitegemea mshahara wangu, na nilijiambia kwamba wenye vyeo wanajua wanachokifanya. Sikuamini.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 22 Septemba, kampuni ya Tesco ya Uingereza ilitangaza kwamba makadirio yake ya faida ya nusu mwaka yalikuwa yamezidishwa kwa takriban pauni milioni 250. Nilisoma habari hiyo kesho yake wakati wa chakula cha mchana, na ugali ukanipoa mezani. Supamaketi kubwa kuliko zote nchini humo, iliyoanzishwa na Jack Cohen mwaka 1919, ilikuwa imeyahesabu mapato kutoka kwa wasambazaji kabla ya wakati wake na kuchelewesha kuandika gharama. Mkuu mpya, Dave Lewis, alikuwa na wiki tatu tu kazini, na jambo lile liliibuka kwa sababu mfanyakazi mmoja wa ndani aliamua kusema. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Baadaye hesabu ilipanda kufika pauni milioni 263, ambazo milioni 118 tu ndizo zilizokuwa za nusu mwaka ule. Zilizobaki zilitoka miaka ya nyuma.

Mgawanyo huo ndio ulionieleza kilichokuwa kikitokea kwetu. Faida ukiivuta kutoka Julai kuipeleka Juni, Julai inabaki na shimo, na shimo hilo utalifukia kwa kuvuta nyingine kubwa zaidi kutoka mbele, kila mwaka, mpaka siku ambayo mbele hakuna cha kuvuta. Tesco ilikuwa na nguvu za kulistahimili pigo, japo Aprili 2015 ilitangaza hasara ya pauni bilioni 6.4 kabla ya kodi, na Machi 2017 ikakubali kulipa faini ya pauni milioni 129. Maafisa wake watatu wa zamani walioshtakiwa waliachiliwa na mahakama, wa mwisho wao Januari 2019. Sisi hatukuwa na nguvu hizo. Wasambazaji walianza kuleta nusu ya mizigo, kisha wakaacha kabisa, nasi tukaamrishwa kusogeza bidhaa mbele ya rafu, pakiti moja moja, na nyuma yake kujaza maji ya chupa na karatasi za chooni ili duka lisionekane tupu. Wateja wa Mombasa hawadanganyiki hivyo. Niliacha kazi Machi 2015, na mwaka uliofuata milango ikafungwa.

Miaka ile msiba huu haukuwa wetu peke yetu. Uchumi, supamaketi ya hapa Kenya iliyoanzishwa mwaka 1975 na iliyowahi kufunga maduka yake Juni 2006 kabla ya kufufuliwa, ilimwondoa mkuu wake Juni 2015 na miezi michache baadaye ikajitoa Uganda na Tanzania. Nakumatt, supamaketi nyingine ya hapa nchini, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Magazeti yaliandika kwa mabilioni. Mimi nilikuwa nikifikiria mabeseni ya mabuyu.

Wadai wa kampuni yetu walipotakiwa kuwasilisha madai yao, nilikwenda tena Majengo, safari hii kwa hiari yangu, kumsaidia mama kujaza fomu. Alitoa hati zake zote za kupokelewa mizigo, zenye mhuri wetu, zikiwa zimefungwa kwa uzi kufuata tarehe. Tukazijumlisha pamoja: Sh535,000. Kisha nikafungua taarifa iliyotumwa na kampuni, na humo deni lake liliandikwa kuwa Sh463,000. Tofauti ilikuwa Sh72,000 kamili. Ingizo langu la Juni 2014 halikuwa limefutwa. Lilikuwa limekaa ndani ya leja miaka yote ile, likimla.

Nilimwambia ukweli pale pale, kwamba aliyeandika ni mimi. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama ningekubali kuyaandika maneno hayo na kutia saini. Niliyaandika kurasa mbili kwa mkono wangu, nikieleza siku, barua, na kwamba haikuwahi kutiwa saini, nasi tukaziambatisha kwenye fomu. Baada ya majuma saba dai lake lilisahihishwa likawa Sh535,000. Fedha zenyewe hakuzipata, kwa kuwa benki zilizokuwa na dhamana zilimtangulia na hazikubakisha kitu, lakini karatasi ya kusahihishwa aliniomba nimsomee mara mbili, kisha akaifunga kwa uzi ule ule pamoja na hati zake.