Deraya ya Pamba: Nilivyoshona Aketoni ya Karne ya 14

Mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa Ng'ambo, Unguja, na sasa naishi kaskazini mwa Uingereza, ambako kazi yangu ni kupunguza suruali za watu na kubadilisha zipu. Chuma sijawahi kufua hata msumari. Kwa hiyo mwenzangu wa kazini aliponikaribisha kwenye kikundi chao kinachoigiza maisha ya askari wa miaka ya 1370, nilicheka. Nilidhani deraya, vazi la askari la kujikinga, ni chuma, basi.

Akaniambia, "Chuma tunanunua. Kinachotushinda ni nguo ya ndani."

Nguo hiyo ndiyo iliyonila mwaka mzima. Chini ya deraya ya pete, yaani vazi la pete ndogo za chuma zilizounganishwa, askari wa Ulaya alivaa koti lililotiwa pamba na kushonwa mistari mistari, likiitwa aketoni. Lililovaliwa juu, au peke yake, mara nyingi liliitwa gambesoni, ingawa waandishi wa zamani wanayachanganya majina haya kama sisi tunavyochanganya shati na fulana. Kazi yake ni rahisi kuielewa ukishapigwa fimbo begani: pete za chuma huzuia upanga usikate, lakini hazizuii kishindo. Pete zinaweza kubaki nzima na mfupa ukavunjika. Halafu wako wengi ambao hata hizo pete hawakuwa nazo. Amri ya silaha ya Mfalme Henry II wa Uingereza ya mwaka 1181 ilimtaka mtu huru mwenye mali ya marki 16, fedha ya zama hizo, awe na deraya ya pete, chapeo, ngao na mkuki. Wakaazi wa mijini na watu huru wa kawaida walitakiwa wawe na gambesoni, kofia ya chuma na mkuki. Kwao hao, nguo ndiyo ilikuwa deraya yenyewe.

Na jina lake! Aketoni limetoka kwenye Kiarabu, al-qutn, yaani pamba. Nilipolisoma nilihisi kama nimekutana na mtu wa mtaani kwetu kwenye kituo cha treni cha ugenini.

Jaribio langu la kwanza sipendi kulisimulia, lakini nitalisimulia. Nilijiona fundi, nikaona hili ni koti tu. Nikanunua turubai la pamba, nikatia sponji ya poliesta ile inayotiwa kwenye majaketi ya baridi, nikapitisha cherehani, na kwa wikiendi mbili kazi ikaisha. Kwa macho lilipendeza. Nikalivaa kwenye maonyesho ya Julai, juu yake nikaazimwa deraya ya pete yenye uzito wa kilo 11. Nusu saa haikuisha. Jasho lilikuwa halina pa kwenda, kichwa kikaanza kuzunguka, wakanivua mimi na deraya yangu kama watu wanaomenya ndizi. Kubwa zaidi, nilikuwa siwezi kuinua mkono kupita bega. Kila nikiinua, koti zima lilipanda hadi masikioni. Mama mmoja anayekagua mavazi ya kikundi alilitazama, akageuza upindo, akaona mshono wa cherehani, akasema kwa upole kwamba ni godoro zuri.

Godoro! Mimi, niliyelelewa na bibi anayeshona kofia za viua!

Nikaanza upya, safari hii kwa kusoma kwanza. Tatizo la nguo ni kwamba inaoza, inaliwa na nondo, inageuzwa matambara. Panga na chapeo zimebaki kwa mamia, ila makoti haya yamebaki ya kuhesabika. Nilikwenda kanisa kuu la Canterbury, Uingereza, kwa ajili ya Edward, yule mwana wa mfalme wanayemwita Black Prince, aliyefariki 1376. Juu ya kaburi lake kulitundikwa vitu vyake vya vita, na leo zinaning'inia nakala zilizotengenezwa 1954, vile vya asili vimehifadhiwa humo humo kanisani. Mojawapo ni koti fupi la velveti nyekundu na buluu, lenye simba wa Uingereza na mayungiyungi ya Ufaransa. Watalii wanatazama simba. Mimi nilitazama mishono: imepita wima, juu hadi chini, na kati ya velveti na bitana mna pamba. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kunitilia shaka.

La pili liko Lyon, Ufaransa, nami nimeliona kwa picha na vielelezo vya ukataji tu. Ni koti la Charles de Blois, mtukufu wa Kifaransa aliyeuawa vitani Auray mwaka 1364. Ni hariri iliyofumwa na nyuzi za dhahabu, simba na tai ndani ya maumbo ya pembe nane. Si deraya, ni vazi la tajiri, lakini limetiwa pamba na limekatwa kwa akili ambayo ilinimalizia tatizo la mikono. Tundu la kwapa si duara dogo kama la shati la leo. Ni pana ajabu, linaingia ndani ya kifua na mgongo, na mkono umeunganishwa kwa vipande vya pembetatu vinavyofunguka kama feni. Ukiinua mkono, kiuno cha koti hakisogei. Nilikata mfano wake kwa shuka bovu, nikauvaa, nikanyanyua mikono yote miwili mbele ya kioo kama mtu anayetekwa nyara. Kiuno kimetulia. Nikapiga kelele peke yangu jikoni.

Kuhusu cha kutia ndani, jibu nililipata kwenye kanuni za mafundi deraya wa London za mwaka 1322. Aketoni na gambesoni zilizofunikwa hariri zijazwe vitu vilivyotajwa, na si vinginevyo. Aketoni nyeupe, ile ya mtu wa kawaida, ijazwe kitani kuukuu na pamba, na ifunikwe kitambaa kipya ndani na nje. Nilidhani hicho kitani kuukuu ni ubahili wa mafundi, kumbe sivyo. Zaidi ya miaka 100 baadaye, amri ya makoti ya askari wa Mfalme Louis XI wa Ufaransa ilitaka koti liwe na tabaka 30 za kitambaa, au angalau 25 na ngozi ya paa juu yake, na ikasema wazi kwamba vitambaa vilivyokwisha kutumika na kulainika kiasi ndivyo bora. Anayeshona ataelewa mara moja. Kitani kipya ni kikavu kama karatasi ya saruji. Ukirundika tabaka nyingi mtu anakuwa mlango. Kilichofuliwa miaka kinalala, kinashikana, sindano inapita.

Basi mimi na mitumba tukarudiana. Nikazunguka maduka ya hisani kutafuta shuka za kitani za mabibi wa Kiingereza. Muuzaji akiniambia "ni kitani kitupu" simwamini. Nachomoa uzi upindoni, natoka nje nauchoma. Kitani au pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda shanga ngumu. Kitani na pamba navitofautisha kwa mkono: kitani ni cha baridi ukikishika, na nyuzi zake zina vinundu. Nilipata shuka 4, moja ina herufi za mtu zilizotariziwa pembeni. Hizo nilizitia mgongoni, ndani, mahali ambapo hakuna atakayeziona.

Kwetu mito hutiwa usufi, na kusema kweli nilishawishika, maana usufi ni mwepesi. Lakini msufi haukuwa ukijulikana kwa mafundi wa Ulaya wa wakati ule, wakati pamba ilikuwa ikiletwa kwa meli kutoka nchi za mashariki mwa Mediterania kama Shamu na Misri. Nikabaki na pamba, ile iliyochambuliwa na kuchanwa bila kusafishwa kwa kemikali.

Halafu nikafanya kosa ambalo fundi wa miaka 20 hapaswi kulifanya. Nilikata kwanza, nikashona mistari baadaye. Kila mstari unaopita juu ya pamba unameza milimita chache, kwa sababu kitambaa kinapanda na kushuka badala ya kulala. Mistari 42 ikameza karibu sentimita 12. Koti nililolipima kifuani kwangu vizuri kabisa likawa halifungiki, limebaki pengo la kuingia viganja viwili. Inatakiwa ushone mistari kwenye kipande kikubwa cha mstatili, ndipo ukate umbo.

Nililiacha juu ya kabati wiki tatu. Kilichonirudisha ni kanzu. Ijumaa moja natoka msikitini, mbele yangu mzee wa Kikomoro kavaa kanzu ya kushonwa kwa mkono, nikaona taharizi zake ubavuni. Kanzu ni mstatili wa mbele na nyuma, taharizi pande mbili kuupa upana, na vikwapa chini ya mikono ili isichanike. Mashati ya Ulaya ya karne zile yalikatwa vivyo hivyo, mistatili na pembetatu, kitambaa kisipotee. Na lile koti la Lyon, pamoja na utajiri wake wote, limeungwa vipande vingi. Kwa hiyo nikashona vibamba viwili vipya, safari hii mistari kwanza kisha mkasi, nikavitia ubavuni. Taharizi kwenye deraya ya Mwingereza.

Mishono yote kwa mkono. Nilitumia uzi wa kitani uliopakwa nta, subana kidole cha kati, kwanza napiga bandi tabaka zote zisihame, kisha mstari wenyewe, na kila baada ya mishono michache narudisha sindano nyuma kufunga. Niliandika saa kwenye daftari: mistari peke yake saa 96. Sina la kueleza zaidi hapo. Ni redio, chai, na kidole kinachouma.

Matundu ya kamba ndiyo niliyoyangojea. Koti linafungwa mbele kwa kamba, na wengi hupigilia vijipete vya chuma kama vya viatu vya raba, vitu ambavyo mtu wa 1370 hakuviona. Tundu la wakati ule linatobolewa kwa msharasi, nyuzi za kitambaa zisogezwe bila kukatwa, kisha linazungushiwa mishono ya kubana mpaka lisimame lenyewe. Wenzangu waliniita kwenye warsha yao wanifundishe. Nikakaa, nikachukua kipande, nikatoboa, nikazungusha. Yule mama mkaguzi akakivuta kuelekea kwenye taa, akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwonyesha kofia yangu. Kofia ya viua ina mamia ya vitundu kama hivyo, vidogo zaidi, kwa uzi mwembamba zaidi, na nilianza kuvishona nikiwa na miaka 9, kwa kulazimishwa. Jioni ile ni mimi niliyefundisha.

Kabla ya kulivaa nilitaka kujua linazuia nini. Nikashona mto wa tabaka 25 za shuka kuukuu kwa kufuata amri ya Louis, nikaufunga juu ya paja la kondoo kutoka kwa mchinjaji wetu. Kisu cha jikoni chenye makali, kwa kukata, kilichana tabaka za juu na kukwama. Kwa kudunga, ncha ilifika kwenye nyama kidogo tu, na mkono wangu ndio ulioumia zaidi. Aketoni yangu haina tabaka hizo zote. Ina kitani kipya nje na ndani, tabaka tatu za shuka na pamba katikati, tabaka tano kifuani, kwa sababu juu yake kinakuja chuma. Paja tulilipika pilau.

Msimu uliofuata nililivaa siku nzima, na deraya ile ile ya kilo 11 juu. Joto lilikuwepo, nisidanganye, lakini kitani kilinywa jasho na upepo ukipita nilihisi baridi. Mabega hayakuuma. Mkaguzi aligeuza kila upindo, akapata sehemu moja tu, chini nyuma, ambapo usiku wa manane nilimalizia kwa uzi wa poliesta wa dukani. Nikaufumua hapo hapo.

Kulifua haiwezekani, pamba itaganda mabonge. Ninalianika juani, jua likiwepo. Mabegani limeshika weusi wa mafuta ya pete na madoa ya kutu, na sina mpango wa kuyatoa.

Nilimpigia bibi kwa video nimelivaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Geuka nikuone." Nikageuka. Akanyamaza, akasogeza uso mpaka simu ikajaa miwani yake. "Ubavu wa kushoto hujashindilia. Pamba imeshuka chini, juu patupu."

Nikapapasa. Kweli, juu patupu. Nikaagana naye, nikatafuta mkasi mdogo, nikaanza kufumua.