Uchovu niliouzoea

Leo majibu ya damu yametoka. Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, 12.4. Miezi mitano iliyopita karatasi kama hii iliandikwa 7.8, na dada wa maabara alinitazama, akaitazama karatasi, kisha akaniuliza nimefikaje pale. Nikamjibu nimekuja kwa miguu.

Na kweli nilikuwa natembea. Nafanya kazi, nafua, nalea. Ngazi za kazini nilizipanda kwa kupumzika mara mbili njiani, moyo ukidunda hadi masikioni, nami najiambia ni umri. Pembe za mdomo zilikuwa zinachanika haziponi. Kucha zilibonyea katikati mithili ya kijiko. Barafu niliitafuna bakuli zima kwa siku, nikidhani ni tamaa tu, kumbe hamu ya barafu, au ya udongo kwa wengine, ni dalili ya mwili uliokosa madini ya chuma. Maumivu sikuwa nayo hata chembe. Damu ikipungua kidogo kidogo mwili unajipanga nayo, na mtu akishaizoea hali hiyo anahesabu kwamba yu mzima. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 tayari ni upungufu wa damu. Kwa mwanamume ni chini ya 13. Mimi sijui nilivuka mstari huo mwaka gani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii haikuwa mara ya kwanza. Huko nyuma nilishapewa vidonge mara mbili, nikavimeza, nikapata nguvu, nikaacha, damu ikashuka tena. Hakuna aliyeniuliza inakwenda wapi. Upungufu wa damu ni kama homa: ukiishusha bila kujua kilichoileta, itarudi. Daktari wa safari hii, kabla hajaandika dawa yoyote, aliniuliza hedhi yangu inachukua siku ngapi, nabadilisha pedi baada ya muda gani, kama natoka mabonge. Siku tisa. Kila baada ya saa moja au mbili. Ndiyo, mabonge. Nilijibu bila wasiwasi wowote, maana mama yangu alikuwa hivyohivyo, na mama zangu wadogo pia, na kwetu hilo halikuwahi kuitwa ugonjwa.

Akaendelea: huwa unatokwa na damu puani? Fizi je? Uling'olewa jino, damu ikakatika lini? Alikuwa anatafuta ugonjwa wa von Willebrand, ule ambao damu inachelewa kuganda, kwa sababu wanawake wengi wenye nao hutokwa na hedhi nzito miaka na miaka bila kupimwa. Kwangu haukuwa huo. Ferritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ilikuwa 6, na picha ya kizazi ikaonyesha uvimbe, fibroidi. Kama mgonjwa angekuwa mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, wangelitazama tumbo na utumbo kwanza, kwa kuwa kidonda au saratani huvujisha damu huko kimyakimya.

Tangu hapo nameza kidonge kimoja cha chuma, siku moja nameza, siku moja naruka, kwani chuma cha kila siku hufanya utumbo ukatae kingine. Chai na kahawa nazisogeza mbali na dawa. Choo kikawa cheusi, nilishatahadharishwa, sikuogopa. Daktari amesema nisiache leo kwa kuona 12.4, niendelee miezi mitatu hivi ili akiba ijae. Naomba pia mtu asinunue vidonge hivi kwa kuona macho yake yamepauka tu. Mwenye thalasemia, au aliyeongezewa damu mara nyingi, anaweza kuwa na chuma cha kuzidi, na kikizidi kinaharibu moyo na ini.

Nimeandika yote haya nikimfikiria mtoto wa dada yangu. Ana miaka mitatu, ana seli mundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi; zake hazimalizi hata mwezi, na zikipinda huziba mishipa midogo, ndipo maumivu ya mifupa yanapoanza. Dada na shemeji wote wawili wana vinasaba vya ugonjwa huo, wazima kabisa, hawajawahi kulazwa. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ugonjwa huo. Walijua alipozaliwa yeye. Mimi na dada ni baba mmoja mama mmoja, lakini hadi leo asubuhi nilikuwa sijapima. Damu imechukuliwa, majibu Jumatatu. Nina binti wa miaka kumi na tisa.

Dada anasafiri wiki ijayo, mtoto atabaki kwangu. Dawa zake, hydroxyurea na penisilini, maji ya kunywa muda wote, asipigwe na baridi: hayo nilikuwa nayajua. Homa ikifika nyuzi 38.5, hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Jioni hii dada amenifundisha jambo ambalo yeye hulifanya kila asubuhi kabla ya kumvalisha. Alimlaza mtoto chali, akanishika mkono, akakiweka kiganja changu chini ya mbavu za kushoto, palipo wengu. Damu inaweza kunaswa humo ghafla, mtoto akaishiwa damu ndani ya saa chache.

"Mama mdogo, unanitekenya!"

"Tulia, mwanangu."

Tumbo lilikuwa laini, la moto, likipanda na kushuka kwa kicheko. Dada hakucheka. "Usibonyeze," akasema, "pitisha vidole tu, anzia chini upande juu. Ukigusa kitu kigumu ambacho jana hakikuwepo, usinipigie simu kwanza. Mbebe uende."

Nikapitisha vidole tena.